Pogačar, Vingegaard na kivuli cha Armstrong: shaka yetu tuielekeze wapi?

Mnyororo wa Bunju (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Jumamosi iliyopita tulisimama Mapinga kunywa maji baada ya kuendesha kutoka Bunju, na kijana mmoja wa miaka 17 kati ya wale ninaowafundisha baiskeli aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Aliniuliza: "Mwalimu, hivi kuna mtu anayeshinda Tour de France bila sindano?" Alikuwa anaizungumzia ile mbio kubwa ya baiskeli ya Ufaransa, na hakuwa anatania. Alikuwa ametazama video nyingi kwenye simu, kila moja ikimhakikishia kwamba mabingwa wa sasa wote wanatumia dawa, na alitaka kujua kama jasho analolitoa kila wiki lina maana yoyote. Nilimwomba anipe siku chache. Uzi huu ni sehemu ya kulitafuta jibu hilo, kwa hiyo naomba tujadili kwa hoja.

Nianze na nilichokishuhudia mwenyewe. Mwezi Septemba 2025 nilipanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikapita Dodoma, Singida, mlima Sekenke, Nzega na Kahama, nikavuka mpaka Rusumo na kuingia Kigali, kwa sababu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yanafanyika Afrika kwa mara ya kwanza na sikutaka kusimuliwa. Jumapili ya tarehe 28 nilisimama kwenye kile kilima cha mawe cha Kimihurura tangu asubuhi. Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita 104, akafuatwa na wenzake wawili tu, na kilomita 66 za mwisho alizimaliza peke yake. Nyuma yake Remco Evenepoel, ambaye wiki moja kabla alikuwa amempita barabarani kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, alimaliza wa pili akiwa ameachwa kwa zaidi ya dakika moja. Wengine walipita mbele yetu mmoja mmoja wamechoka kabisa, na wengi hawakumaliza.

Mkenya mmoja niliyesimama naye alitikisa kichwa akasema, "Huyu ni Armstrong mwingine." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mimi ni mmoja wa waliompenda Lance Armstrong kwa moyo wote. Mwaka 2004 nilivaa ule ukanda wa njano wa mkononi wa taasisi yake ya saratani na sikuuvua kwa miaka. Niliutetea ushindi wake kwa marafiki, kwa jamaa, kwa kila aliyetaka kunisikiliza: mtu aliyepona saratani, aliyeshinda Tour mara 7 mfululizo kuanzia 1999 hadi 2005, aliyedai kupimwa zaidi ya mara 500 bila kukutwa na kitu. Kisha Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, USADA, likatoa hukumu yake ikiwa na ushahidi wa watu 26, wakiwemo wachezaji wenzake wa zamani 11. Ushindi wote 7 ukafutwa, na hakuna aliyepewa nafasi hizo. Januari 2013 akakiri mwenyewe mbele ya Oprah Winfrey. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mashabiki wa baiskeli tuliumwa na nyoka ambaye tulikuwa tumemlea nyumbani.

Wala hakuwa peke yake. Tom Simpson wa Uingereza alifia kwenye mlima Ventoux mwaka 1967 akiwa na amfetamini mwilini. Mwaka 1998 gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji likiwa limejaa dawa. Marco Pantani, aliyeshinda Giro, yaani mbio kubwa ya Italia, na Tour mwaka huohuo wa 1998, aliondolewa kwenye Giro ya 1999 akiwa anaongoza kwa sababu damu yake ilikuwa nzito kupita kiwango kilichoruhusiwa, na mwaka 2004 akafariki peke yake hotelini, kisa ambacho hadi leo siwezi kukisoma bila majonzi. Bjarne Riis, mshindi wa 1996, alikiri mwaka 2007. Jan Ullrich, mshindi wa 1997, alikiri baadaye pia. Floyd Landis alinyang'anywa Tour ya 2006, Alberto Contador ile ya 2010. Ukitazama orodha ya washindi kuanzia 1996 hadi 2010, ni wachache mno ambao jina lao halina doa.

Sasa jambo ninalotaka tulitafakari kwa makini ni hili: kwa nini vipimo havikumkamata Armstrong? Watu wengi hujibu haraka kwamba alihonga. Majibu yaliyomo kwenye ushahidi ni ya kawaida zaidi, na kwa sababu hiyo yanatisha zaidi. Dawa kuu ya wakati ule ilikuwa EPO, homoni inayotengenezwa na figo ili kuuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembechembe nyekundu za damu. Hadi mwaka 2000 hapakuwa na kipimo cha kuitambua. Kilichokuwepo, tangu 1997, ni kikomo tu: chembechembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya ujazo wa damu. Kikomo hicho kiligeuka kuwa ruhusa, kwa maana timu zilijua kwamba mtu akiwa na 49 yuko salama. Anayekaribia kuzidi aliongezewa maji ya chumvi kwenye mshipa ili damu iwe nyepesi. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa, kwenye mashindano ya dunia ya 1998 daktari wa timu alipita karibu na mpimaji akiwa ameficha lita moja ya maji hayo ndani ya koti la mvua, akamwekea Armstrong kabla ya kupimwa. Na kipimo cha EPO kilipokuja, walirudi kwenye njia ya zamani ya kutoa damu yao wenyewe, kuihifadhi na kujirudishia wakati wa mashindano, jambo ambalo kipimo cha dawa hakiwezi kuliona kwa sababu hakuna dawa ya kuona.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba Pogačar hajawahi kukutwa na chochote, na ni kweli kwamba hajawahi, wala hakuna mamlaka yoyote iliyomtuhumu, ninaipokea kauli hiyo kwa heshima lakini siwezi kuihesabu kuwa ni uthibitisho wa usafi. Nilishaitumia mwenyewe kumtetea mtu aliyekuwa mwongo.

Lakini upande wa pili nao una kosa, na ndilo lililonisukuma kuandika. Kosa hilo ni kuufanya ushindi wenyewe kuwa ndio ushahidi. Anashinda mno, kwa hiyo anatumia. Ukishaikubali kanuni hiyo, hakuna tena namna ambayo mtu safi anaweza kujitetea, kwa sababu kila anapofanya vizuri zaidi anazidi kujitia hatiani.

Sisi watu wa ukanda huu tuna sababu ya kuliogopa jambo hilo. Septemba hiyohiyo, siku 13 kabla ya mbio za Kigali, Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 kwenye utepe. Nililia. Je, ningejisikiaje kama mtu aliyeketi Ulaya, asiyemjua Simbu wala barabara anazofanyia mazoezi, angeandika kwamba mkimbiaji wa Afrika Mashariki akishinda ni lazima aulizwe maswali? Na wapo wanaoandika hivyo. Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia Chicago kwa 2:09:56 Oktoba 2024, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Mwaka mmoja baadaye akafungiwa miaka 3 baada ya kukutwa na dawa iliyokatazwa. Waliomshuku tangu siku ya kwanza wanajiona manabii, na kesho watamshuku Simbu kwa mantiki ileile.

Ninachokiamini, na niko tayari kusahihishwa, ni kwamba shaka ni haki yetu tuliodanganywa, ila mahali pake ni kwenye mfumo: nani anaongoza timu, madaktari ni akina nani, wanatumia vifaa gani, takwimu zipi zinafichwa, wapimaji wanakwenda lini na wapi. Karibuni.

---

Kipanga wa Ubungo

Mkuu, nimesoma andiko lako lote na ninakushukuru kwa utulivu wake, lakini nadhani unawahurumia watu wasiostahili huruma. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Tuzungumze namba. Tarehe 14 Julai 2024, kwenye mlima wa Plateau de Beille, Pogačar alivunja rekodi ya kupanda iliyokuwa ya Pantani tangu 1998 kwa zaidi ya dakika 3. Sio sekunde, ni dakika, kwenye mlima wa chini ya kilomita 16. Na Pantani tunajua aliishi katika zama gani. Hata Jonas Vingegaard, mpinzani wake mkubwa ambaye siku hiyo alishindwa, aliupita muda wa Pantani kwa zaidi ya dakika 2. Unataka niamini kwamba watu wawili wanaokula wali na kunywa maji wamemwacha kwa mbali kiasi hicho mtu wa zama za EPO?

Na huyo Vingegaard mwenyewe, kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki kule Denmark, kwenye Tour ya mwaka 2023 alikwenda Combloux kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa za kilomita 22.4 akamwacha Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38, na wengine wote wakawa mbali zaidi. Mwaka huohuo timu yake ilishinda Giro, Tour na Vuelta, ile mbio kubwa ya Hispania, kwa wachezaji watatu tofauti. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kufanywa na timu yoyote.

Halafu umesema tuutazame mfumo. Haya, tuutazame. Kiongozi wa timu ya Pogačar ni Mauro Gianetti, yuleyule aliyeiongoza timu ya Saunier Duval iliyojiondoa kwenye Tour ya 2008 baada ya Riccardo Riccò kukutwa na EPO ya aina mpya. Timu ya Vingegaard ni mwendelezo wa ile ya Rabobank, iliyomwondoa Michael Rasmussen kwenye Tour ya 2007 akiwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza, kwa sababu alidanganya mahali alipokuwa wakati wapimaji wanamtafuta. Dalili ya mvua ni mawingu, mkuu, na hapa mawingu yametanda anga lote.

---

Mnyororo wa Bunju

Kaka Kipanga, nakushukuru kwa sababu umeleta namba, na namba zako ni sahihi. Nitazijibu kwa uangalifu kwani hapo ndipo wengi wanapotelea.

Siku ile ya Plateau de Beille, timu ya Vingegaard ndiyo iliyoendesha kwa kasi kubwa tangu chini ya mlima ikitaka kumchosha Pogačar. Vingegaard akashambulia zikiwa zimebaki kilomita 10 na ushei, Pogačar akamfuata kwenye gurudumu lake, kisha akamwacha zikiwa zimebaki kilomita 5 na kidogo. Maana yake mlima mzima ulipandwa kwa mwendo wa vita. Mwaka 1998 mbio ziliendeshwa vingine, na saa ya mlima hupima mwendo wa kundi na upepo pamoja na miguu ya mtu mmoja. Baiskeli yenyewe imebadilika: magurudumu, matairi mapana yasiyo na mpira wa ndani, mavazi yaliyopimwa kwenye vyumba vya upepo. Chakula kimebadilika zaidi kuliko vyote. Zamani waendeshaji walishauriwa kula wanga gramu 60 hivi kwa saa wakiwa barabarani, kwa sababu tumbo liliaminika haliwezi zaidi ya hapo. Leo wengi wanasema wazi kwamba wanafika gramu 120, baada ya kugundulika kuwa sukari za aina mbili zikichanganywa hupita kwenye utumbo kwa njia mbili tofauti. Mimi mwenyewe nimeliona hili kwa vijana wangu kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe: aliyekula vizuri njiani na ambaye hakula, mwisho wa siku ni watu wawili tofauti kabisa.

Je, mambo haya yanatosha kueleza dakika 3? Sijui yeyote anayeweza kuapa kwamba yanatosha, na sitakuomba uamini hivyo. Ninachokuomba ukubali ni kwamba hesabu hiyo ina vitu vingi ndani yake, na dawa ni kimojawapo tu cha vinavyowezekana.

Kuhusu Gianetti na historia ya timu, hapo tuko pamoja, na wala sikubishii. Mtu aliyeongoza timu iliyoondoka kwa aibu mwaka 2008 anaweza kuwa amebadilika, na hajahukumiwa kwa kosa lolote. Lakini mchezo uliotuumiza hivi ungepaswa kuwa na utaratibu wa kuwahoji viongozi wake hadharani kabla ya kuwakabidhi kijana wa miaka 20. Hilo ndilo swali lenye uzito kuliko muda wa kupanda mlima.

Nikuongezee jambo ambalo hukulitaja. Katikati ya Tour ya 2024 iliandikwa kwamba timu kubwa, zikiwemo za Pogačar na Vingegaard, zina mashine ya kuvutisha hewa ya kaboni monoksidi, ile gesi ya moshi wa jiko la mkaa inayoua watu wakilala na madirisha yamefungwa. Matumizi yanayokubalika ni ya kipimo: unavuta kiasi kidogo, gesi inajishika kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na daktari anajua una jumla ya himoglobini kiasi gani mwilini kabla na baada ya kambi ya milimani. Timu zilisema zinaitumia kwa kipimo tu. Hofu ni kwamba ukiivuta mara kwa mara mwili unadhani uko mahali penye oksijeni haba na unaanza kuzalisha damu zaidi, bila dawa yoyote. UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, ilipiga marufuku uvutaji huo wa kurudiarudia kuanzia Februari 2025. Tazama jinsi lilivyoibuka: hakuna kipimo kilichokutwa na kasoro, wala hakuna aliyeshukiwa kwa sababu ya kushinda mno. Waandishi waliuliza "mashine hii ni ya nini?" na kanuni ikabadilika. Shaka iliyoelekezwa kwenye kifaa ilizaa matunda ndani ya miezi michache.

---

Muuguzi wa Zamu

Habari zenu. Mimi sifuatilii sana baiskeli, kaka yangu ndiye aliyenitumia uzi huu, lakini nafanya kazi kwenye kitengo cha kusafisha damu katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, na hiyo EPO mnayoitaja ninaichoma kwa wagonjwa karibu kila siku. Naomba nieleze inavyofanya kazi ili tusiizungumze kama uchawi.

Mgonjwa ambaye figo zimeshindwa hupungukiwa damu kwa sababu figo ndizo zinazotoa ile homoni. Anakuja akiwa hawezi kupanda ngazi za ghorofa moja. Tunamchoma kidogokidogo, na baada ya wiki kadhaa anaweza kutembea hadi kituo cha daladala. Huwa nafurahi sana kuiona hali hiyo. Lakini madaktari wetu wako makini tusiipandishe damu kupita kiwango, kwa sababu damu nzito huganda, na damu iliyoganda huleta kiharusi au kuuziba moyo. Sasa mwanamichezo anaanzia kwenye damu iliyo kamili, kisha anaiongeza, halafu anatoka jasho kwa muda wa saa 5 juani. Kila nikilifikiria hilo naingiwa na hofu.

Jambo la pili ni muda. Sindano ndogo inayochomwa moja kwa moja kwenye mshipa usiku inaweza kutoweka kwenye mkojo ndani ya saa chache, wakati kazi iliyouanzishia mwili inaendelea kwa siku nyingi. Kwa hiyo mpimaji akifika saa 4 asubuhi asipoona kitu, hilo halishangazi. Nilisoma kwamba tangu 2008 waendesha baiskeli wana kitu kinachoitwa pasipoti ya kibaiolojia, na kwa maoni yangu hiyo ina akili zaidi kwani haitafuti dawa, inatafuta alama zilizoachwa na dawa. Wanafuatilia himoglobini ya mtu mmoja kwa miaka, pamoja na asilimia ya chembechembe changa nyekundu. Mtu akijirudishia damu aliyoihifadhi, himoglobini inapanda lakini chembechembe changa zinashuka, kwa sababu uboho unaona damu ipo ya kutosha na unapumzika. Akitumia EPO, kwanza changa zinaongezeka. Mwili unaandika kumbukumbu ya kila kinachofanyika kwake.

Kuhusu ile dawa ya Chepng'etich, hiyo ni ya kutoa maji mwilini, tunawapa wagonjwa wa shinikizo la damu na ipo kwenye kila famasi. Yenyewe haimpi mtu mbio. Imekatazwa kwa sababu inaweza kuufanya mkojo uwe mwepesi na kuficha vingine.

---

Mzee wa Temeke Mikoroshini

Wanangu, nimesoma kimya kimya nikaona nichangie kidogo. Mimi nilikuwa kijana redio ilipotangaza kwamba Filbert Bayi ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho wataalamu walikuwa wanasema hakiwezekani. Kama wakati ule kungekuwepo na hizi simu zenu, mtu angesema siku hiyohiyo kwamba Mtanzania yule ametumia dawa, kwa sababu tu alifanya kisichowezekana. Binadamu akifanya jambo kubwa, aachwe alifurahie mpaka siku itakapopatikana sababu ya kweli ya kumnyang'anya. Ninamuunga mkono mwalimu wa Bunju.

---

Kipanga wa Ubungo

Shikamoo mzee. Nakuheshimu sana, lakini kanuni yako ndiyo iliyomlinda Armstrong kwa miaka zaidi ya 10. Waandishi wachache waliothubutu kumshuku mapema, kabla ya ushahidi kukamilika, waliitwa wachawi, na mmoja alishtakiwa mahakamani London kwa kumchafulia jina, gazeti lake likalipa. Kama wangesubiri "sababu ya kweli", isingepatikana kamwe, kwa kuwa ushahidi hauji kwa watu wasioutafuta. Dada Muuguzi ametueleza vizuri kwamba sindano ya usiku haionekani asubuhi. Basi asiyeshuku ataona nini?

---

Mnyororo wa Bunju

Marahaba za mzee wetu ziwe nasi sote, na dada Muuguzi nakushukuru mno; maelezo yako nimeyanakili kwenye daftari ili niwasomee vijana Jumamosi.

Kaka Kipanga, hapo umenigusa. Ni kweli, David Walsh wa Sunday Times alikuwa sahihi wakati mimi nilikuwa nimevaa ukanda wangu wa njano, na mwaka 2013 gazeti lake lilirudishiwa fedha lilizomlipa Armstrong. Lakini kumbuka alifanya nini. Alikwenda akawatafuta watu waliokuwa ndani. Alizungumza na mwanamke aliyekuwa mkandaji wa misuli wa timu, ambaye alieleza jinsi hati ya daktari ya mwaka 1999 ilivyoandikwa kwa tarehe ya nyuma ili kuhalalisha steroidi iliyokutwa kwenye mkojo, ikidaiwa kuwa ni krimu ya kidonda cha tandiko. Shaka yake ilikuwa ya kazi, yenye miguu. Ya kwetu humu mitandaoni mara nyingi imekaa kitako.

Mfikirie Chris Froome. Huyu alizaliwa Nairobi, akafundishwa na David Kinjah pale Kikuyu, akaipeperusha bendera ya Kenya hadi 2008, kisha akashinda Tour mara 4 kwa Uingereza. Mwaka 2015 alisema mtazamaji mmoja alimmwagia mkojo barabarani huku akimwita mtumia dawa. Wakati huo hakuwa amekutwa na kosa lolote. Timu yake ilijitetea kwa kutoa hadharani nguvu aliyotumia kwenye mlima mmoja wa Tour hiyo, wati 5.78 kwa kila kilo ya mwili, na baadaye akapimwa maabara London, matokeo yakachapishwa. Kisha Septemba 2017, kwenye Vuelta, mkojo wake ukakutwa na salbutamol, dawa ya pumu, kwa kiwango kilichotangazwa kuwa mara mbili ya kikomo. Ilipofika Julai 2018 UCI ikaifunga kesi bila adhabu. Ilikuwa ni haki kumhoji kuhusu salbutamol, tena kwa ukali, kwa sababu kulikuwa na namba ya kuhojiwa. Yule aliyemmwagia mkojo hakuwa na namba, alikuwa na hasira tu, na mtu aliyemwagiwa alikuwa mwanamichezo kazini.

Kwa hiyo nikiulizwa ninataka nini kwa Pogačar na Vingegaard, ninataka vitu vya kushikika. Timu ziweke hadharani majina ya madaktari wao wote na historia zao. Kila mashine inayoingia kwenye basi la timu ijulikane. Takwimu za pasipoti za washindi wa mashindano makubwa zikaguliwe na wataalamu wasiolipwa na mchezo, maana tangu 2021 kazi ya upimaji imekabidhiwa kwa shirika la nje, ITA, na hiyo ni hatua nzuri, lakini mtazamaji wa kawaida bado anaambiwa aamini tu. Vibali vya kutumia dawa kwa sababu ya ugonjwa viendelee kutolewa na watu wengi, sio mmoja. Na wapimaji wapewe fedha za kwenda kwenye kambi za milimani wakati wa baridi, miezi ambayo hakuna kamera wala jezi ya njano, kwa sababu damu hutengenezwa huko.

Kijana wangu nimeshamwandalia majibu. Nitamwambia kwamba sijui moyo wa Pogačar, na kwamba yeyote anayemwambia kwa uhakika, upande huu au ule, anamwambia asichokijua. Nitamsomea maneno ya dada Muuguzi kuhusu kiharusi. Na nitamweleza kwamba kanuni zinaruhusu sampuli kuhifadhiwa na kupimwa upya kwa muda wa miaka 10, hivyo mkojo na damu iliyochukuliwa Kigali siku ile niliposimama Kimihurura inaweza kufunguliwa tena hadi Septemba 2035, kwa vipimo ambavyo leo havijabuniwa. Yeye atakuwa na miaka 27, umri ambao Pogačar aliutimiza siku chache tu kabla ya mbio zile za Rwanda.